Mwongozo kamili wa kulala na kutembea katika msitu wa mvua wa Amani, Usambara Mashariki

Anayeingia Amani kwa matarajio ya Mikumi au Serengeti hutoka na lalamiko moja: nimetembea kutwa nzima, nimeona miti tu. Na hadanganyi. Msitu wa mvua hauwaweki wanyama wake hadharani kama nyika inavyofanya. Mbega yuko juu kabisa kwenye vilele, kinyonga yuko mbele ya pua yako lakini amefanana na jani, na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, amekusikia dakika tano kabla hujafika. Hapa sikio ndilo linaloanza kazi, jicho hufuata, na miguu hukaa nyuma ya vyote viwili. Karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia chumba cha kulala hadi rangi ya koti, unatokana na hilo.

Fahamu unakokwenda

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa hekta zipatazo 8,380. Msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Wengi huiulizia TANAPA wakidhani ni hifadhi ya taifa, wakazungushwa bure.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiiletea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na msitu ukabaki. Ndiyo sababu viumbe wengi wa hapa huwapati pengine popote duniani. Maji ya msitu huu ndiyo yanayoingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga.

Jambo la kumfurahisha mtembeaji ni kwamba hakuna simba, nyati wala tembo. Unakwenda kwa miguu bila askari mwenye bunduki, hata na watoto, mradi wawe wa umri wa kuweza kunyamaza.

Ujue pia kwamba huu si msitu ambao haukuguswa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea hapa mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980, magogo yalivunwa kwa wingi. Kati ya miti iliyoletwa upo *Maesopsis eminii*, mti wa asili wa upande wa Ziwa Victoria. Palipokatwa miti ya asili wenyewe ukajaa, na waliousambaza zaidi ni hondohondo, wanaokula matunda yake na kudondosha mbegu kila wanapotua. Mwongozaji mzuri atakuonyesha tofauti kati ya msitu wa zamani na ule uliovamiwa. Muulize mapema, kwa kuwa ukishaijua tofauti hiyo utaona kila bonde kwa jicho jingine.

Chagua majira

Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi wa kuuwekea dhamana. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya kupanda huwa utelezi mtupu na mito hujaa haraka; kama huna sababu maalumu, acha. Januari na Februari kuna joto lakini njia ni nzuri. Juni hadi Septemba ndiyo miezi rahisi kwa kutembea, ila usiku wa Amani juu ni baridi kweli, na mtu wa Dar au Mombasa atajuta kwa kutobeba sweta.

Mimi ningependekeza mwisho wa Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiendelea. Utalowa, ndiyo. Lakini vyura wanaimba, vinyonga ni wengi, na wageni ni wachache. Anayetaka ndege na mandhari aende kiangazi. Anayetaka viumbe vidogo aende na mvua.

Juu au chini: pa kulala

Hili ndilo uamuzi mkubwa kuliko yote, na watu hulifanya bila kufikiri. Hifadhi ina sehemu mbili za kulala zilizo mbali kidogo na zenye tabia tofauti.

Sigi iko chini, penye lango, kwenye takriban mita 450 kutoka usawa wa bahari, kando ya Mto Zigi. Zamani palikuwa na stesheni ya reli ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo kituo cha taarifa za wageni. Kuna joto, vipepeo wengi, na ndege wa msitu wa nyanda za chini. Mbu wapo pia, tena wa kutosha.

Amani yenyewe iko juu, kwenye mita 900 hivi. Kuna ukungu asubuhi, nyumba za kikoloni zenye veranda, bustani ya mimea inayoanzia karibu na mlango wako, na hewa ya kulalia blanketi mbili. Njia nyingi za kutembea huanzia huku.

Mwenye usiku mmoja alale juu. Mwenye siku tatu au zaidi agawe: usiku wa kwanza au wa mwisho Sigi, zilizobaki Amani. Mbali na nyumba za hifadhi zipo kambi za binafsi zenye mahema na huduma zaidi, na bei zake zinafuata huduma hizo.

Unapopiga simu kuhifadhi chumba, usiishie kwenye bei. Uliza kama umeme ni wa uhakika na unaweza kuchaji betri. Uliza kama kuna maji ya moto au yatachemshwa kwa kuni. Uliza habari ya chandarua, na kama kina matundu. La muhimu kuliko yote, uliza chakula: nyumba nyingi za msituni hazina jiko linalosubiri wageni, mpishi huitwa pale anapoambiwa kuna watu. Usipotoa taarifa utafika saa moja usiku na kuambiwa kuna chai na mkate. Walio wengi wanaoijua Amani hununua mchele, nyanya, vitunguu, maharage na matunda sokoni Muheza, wakamkabidhi mpishi na kulipia kazi yake. Inatoka nafuu, na mnakula mnachokipenda.

Kufika

Mabasi ya Tanga yanayopita Segera, yawe yanatoka Dar, Moshi au Arusha, hukushusha Muheza. Kutoka Mombasa unavuka mpaka Horohoro, unafika Tanga, na Muheza ni mwendo mfupi kutoka hapo. Kama ni msimu wa machungwa, nunua ya kutosha stendi. Muheza ni nyumbani kwake.

Muheza hadi Amani ni yapata kilomita 35, na sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa kona kali. Magari ya abiria yapo, lakini ratiba yake ni ya watu wa mlimani wanaoshuka sokoni: hushuka alfajiri na kupanda mchana. Kwa hiyo panga uwe Muheza kabla ya saa sita mchana. Ukichelewa, utabaki na teksi au bodaboda. Bodaboda kukiwa kukavu ni sawa, tena unaona vizuri. Kukiwa na mvua, usithubutu, hasa ukiwa na begi mgongoni. Gari dogo la chini linaweza kufika Sigi wakati wa kiangazi. Kwenda juu, tafuta gari lililoinuka.

Langoni

Beba kitambulisho, maana viwango vya Mtanzania, Mwanaafrika Mashariki na mgeni wa nje havilingani. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo unayopewa, kisha unalipa kwa simu au benki. Mtandao wa simu unaweza kukusumbua ukiwa bondeni, kwa hiyo ukiweza omba namba hiyo mapema na ulipie ukiwa Muheza. Hifadhi risiti kwenye simu na piga picha ya skrini. Hata hivyo beba fedha taslimu, noti ndogondogo, kwa ajili ya mwongozaji, mpishi na vitu vya kijijini.

Sasa mwongozaji. Usichukue aliye karibu tu na mlango. Waongozaji wengi ni wenyeji wa vijiji vya jirani na kila mmoja ana utaalamu wake: kuna wa ndege, kuna wa dawa za miti, kuna wenye jicho la vinyonga. Sema unachokitaka, na mkubaliane malipo, saa na mwendo kabla ya kuondoka. Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo, kisha mweleze wazi: "Mzee, sisi si watu wa mbio. Tunaomba tutembee polepole, tusimame sana, hata kama hatutafika mwisho wa njia." Waongozaji wamezoea wageni wanaotaka kumaliza kilomita. Ukimwambia hivyo utamwona akipumua, na siku yako inabadilika hapohapo.

Begi

Viatu kwanza. Kiangazi, viatu imara vyenye soli yenye meno vinatosha. Wakati wa mvua hakuna kinachoshinda gambuti za kawaida za mashambani, zile za bei nafuu. Wenyeji wanavaa hizo na wana sababu. Soksi ziwe ndefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi. Unaonekana kituko, lakini siafu hawatapanda.

Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo, zisizopiga kelele. Koti la nailoni linalochakarika kila ukiinua mkono litakufukuzia wanyama kuliko hata maongezi. Mwavuli mdogo, ajabu, ni bora kuliko koti la mvua kwenye njia pana: husikii matone yakipiga kofia masikioni, na unaweza kusimama na darubini bila kulowa.

Darubini ni kitu cha lazima. Mbili kwa familia ya watu wanne si nyingi. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inafaa zaidi msituni kuliko zile za kukuza sana, kwa kuwa inaingiza mwanga mwingi na haitikisiki ovyo. Tochi ya kichwani kila mtu na yake, pamoja na betri za akiba. Chupa ya chai. Dawa ya mbu ya kupaka. Dawa ya maumivu, plasta, na chumvi za kurudisha maji mwilini ukiharisha. Habari ya vidonge vya kukinga malaria muulize daktari kabla ya safari, hasa kama unatoka nchi au mkoa usio na malaria. Muheza na nyanda zake za chini zina malaria nyingi.

Simu na kamera zinahitaji mfuko usiopitisha maji. Kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo nunua mfuko wa turubai au tumia kopo lenye mfuniko wa kubana. Na beba khanga. Utaikalia, utajifutia, utajifunika gari likiwa na baridi, na porini hakuna pazia jingine.

Namna ya kutembea

Anza saa kumi na mbili asubuhi, si saa tatu. Kati ya kumi na mbili na nne msitu unasema. Baada ya hapo unasinzia hadi saa kumi jioni.

Mwendo unaofaa ni kilomita moja kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo. Tembea hatua ishirini au thelathini, simama, sikiliza. Usisimame popote tu: chagua pale njia inapovuka kijito, pale mti mkubwa ulipoanguka ukafungua mwanga, au chini ya mkuyu wenye matunda. Huo wa mwisho ndio wa thamani zaidi. Ukiona njia imejaa matunda yaliyotafunwa nusu, kaa chini. Tandika khanga, mimina chai, na subiri nusu saa bila kusema. Hondohondo watakuja, na utawajua kabla hujawaona, maana mabawa yao hupiga hewa kwa mvumo mzito unaosikika mbali. Kama ni msimu wa kutaga, dume huwa peke yake: jike amejifungia ndani ya shimo la mti, mlango umezibwa ukabaki ufa tu, na dume ndiye anayemletea chakula.

Kwenye mkuyu huohuo hufika shorobo, ndege wa kijani anayekimbia juu ya matawi badala ya kuruka. Anaporuka, mabawa yake hufunguka mekundu ghafla. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake.

Mbega weupe hutafutwa mapema, jua likigusa vilele, maana hupanda kuliota. Angalia mikia: mkia mweupe unaoning'inia huonekana kabla ya mnyama mwenyewe. Kima ni rahisi zaidi, na kelele yao ya tahadhari ina faida kwako. Wakianza kupiga mlio wa ghafla na kushuka chini ya majani, inua macho, tai anapita.

Sange ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye watu wengi wanaompita. Mgongo mweusi, ubavu wa hudhurungi nyekundu, pua ndefu inayochezacheza, na ukubwa wake ni kama paka mchanga. Jina la panya analopewa na wengine halimfai: kwa nasaba yuko karibu na tembo kuliko panya. Hutembea mchana. Utasikia majani makavu yakichakurwa kwa mkatiko: cha-cha, kimya, cha-cha-cha, kimya. Ndege akichakura huwa hana kimya hicho. Ukisikia, usigeuze mwili. Geuza macho tu. Akitokea kwenye njia atainua pua, atagonga mkia chini mara kadhaa, na kama hukutikisika ataendelea kupekua wadudu hatua nne kutoka kwenye viatu vyako. Kiota chake ni rundo la majani chini ya mti, linaloonekana kama takataka zilizofagiliwa. Ndiyo sababu hutakiwi kukanyaga nje ya njia.

Halafu kuna ndege wadogo. Msitu unaweza kuwa kimya kwa dakika arobaini, kisha ghafla matawi yote yanajaa: chozi, shore na wengineo, aina kwa aina, wakipita pamoja wakitafuta wadudu. Kundi hilo la mchanganyiko likifika, usilikimbilie. Simama palepale, litakupitia. Wapenzi wa ndege huja kutoka mbali kumtafuta chozi wa Amani, na pia kandege kamoja ka rangi ya kijivu, mwenye mdomo mrefu, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi hapa miaka ya 1930. Kanaishi kwenye mivurugano ya mitambaazi, na kukaona ni kazi ya asubuhi nzima.

Njia zipi

Mbomole ni kilima kilicho karibu na Amani, kupanda na kushuka ni nusu siku kwa mwendo wangu wa kobe. Juu unaona bonde na, hali ya hewa ikikubali, nyanda za chini upande wa pwani. Ni njia nzuri ya siku ya kwanza.

Kwamkoro inapita mpaka wa msitu na mashamba ya chai. Usiidharau kwa sababu ya chai: mpakani ndipo macho yanapata nafasi, na ndege wengi huonekana vizuri kuliko ndani.

Njia ya kushuka kutoka Amani hadi Sigi ndiyo bora kuliko zote, kama una mtu wa kukupelekea mizigo kwa gari. Unaanzia penye ukungu, unapita kwenye bustani ya mimea, na unamalizia kwenye joto la mto, huku miti ikibadilika pande zote mbili. Katika sehemu za bustani muulize mwongozaji akuonyeshe mkwinini. Wajerumani waliupanda hapa kwa ajili ya dawa ya malaria, na baada ya miaka mingi Amani ikaja kuwa kituo cha utafiti wa malaria chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Kwenye miamba yenye maji kando ya vijito utaona ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Ni lile linalouzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la *Saintpaulia*, kwa heshima yake. Usiling'oe. Kwenye chungu cha Dar litakufa, na kwenye mwamba huu halitarudi haraka.

Usiku

Kama utalipia kitu kimoja cha ziada, kiwe matembezi ya usiku. Yanaanza saa moja na nusu, yanachukua saa mbili, na mara nyingi hamtaenda zaidi ya mita mia tano.

Weka tochi usawa wa macho, si kiunoni. Pitisha mwanga taratibu kwenye ncha za matawi membamba, kuanzia magotini hadi juu kidogo ya kichwa. Mchana kinyonga ni wa rangi ya majani na humwoni; usiku akilala rangi humtoka, anabaki mweupe au wa njano hafifu, na tochi humwonyesha waziwazi. Amejikunja mkia, macho yamefungwa, miguu minne imebana kijiti kilicho chembamba kuliko penseli. Anachagua ncha makusudi: nyoka akipanda, kijiti kinatikisika, naye anajiachia aanguke. Ndiyo maana hamruhusiwi kugusa tawi. Ukilitikisa umemwambia nyoka amefika.

Kuna mkubwa wenye pembe tatu kwa dume, *Trioceros deremensis*, aliyepewa jina la Derema, hapohapo jirani. Na kuna kibete cha rangi ya jani kavu, kisichozidi urefu wa kidole, kinacholala karibu na ardhi. Hicho mwongozaji atakuonyesha akisimama juu yake nusu dakika nawe bado hujakiona. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Ukiwa na watoto, usiku huu unafanya kazi kubwa kuliko mhadhara.

Baada ya mvua tafuta vyura. Wapo wa jamii ya *Nectophrynoides*, wadogo mno, ambao hawatagi mayai majini: jike huzaa watoto waliokamilika, bila hatua ya viluwiluwi. Ni jambo adimu sana kwa vyura duniani.

Mkirudi kulala mtasikia mlio unaoanza kama mlango mbovu, unapanda, unageuka kuwa kilio cha mtu anayenyongwa. Ni perere, mnyama wa kimo cha sungura. Waambieni watoto mapema.

Siafu, nyoka na upupu

Siafu kwanza, maana ndio utakaokutana nao. Angalia chini mara kwa mara. Ukiona mstari mweusi unaokatiza njia, ruka kwa hatua ndefu na usisimame upande wa pili kumsubiri mwenzako. Wakishapanda, ondoka kwenye eneo lao kwanza, mita kumi au zaidi, ndipo uvue suruali bila haya na kuwang'oa mmoja mmoja. Wakipita ndani ya nyumba usiku, toka na uwaachie. Baada ya saa moja au mbili watakuwa wameondoka, na mende pia.

Nyoka ni nadra kuwaona, lakini moma wa msituni yupo, na rangi zake kwenye majani makavu ni za kumpotezea jicho lolote. Usitie mguu wala mkono usipopaona. Gogo likiwa njiani, panda juu yake, tazama upande wa pili, kisha shuka, usiliruke. Akigonga mtu: hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba ya kubana damu. Mvue pete na saa, mtulize, kiungo kisitikisike, na abebwe kwenda hospitali Muheza haraka. Waulize wenyeji wa nyumba mapema gari la dharura linapatikanaje.

Upupu huota kingo za mashamba na njia. Ukikugusa usikune wala kusugua. Nasa vinyoya kwa plasta, kisha osha kwa maji mengi. Kupe jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kiunoni.

Hatari ambayo haizungumzwi ni vitu vinavyoanguka. Upepo ukivuma, ondoka chini ya miti mikavu. Msambu nao hubeba matunda mazito ya kilo kadhaa, ambayo wanavijiji huyaokota kwa ajili ya mbegu zenye mafuta. Ukiona maganda yake makubwa chini, usikae hapo kunywa chai.

Vijijini

Mlima huu unaishi kwa chai, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nunua viungo kwa mkulima mwenyewe. Iliki ya Amani ukiifungua inajaza chumba harufu. Lakini habari ya iliki ina upande wa pili: inapenda kivuli, kwa hiyo ililimwa ndani ya msitu, na wapo waliofidiwa wakaacha mashamba yao ili ushoroba wa Derema uunganishe vipande vya msitu. Si wote walioridhika. Ukikaribishwa uji na mtu akaanza kusimulia hayo, sikiliza, usimfundishe uhifadhi.

Uliza pia kuhusu ufugaji wa vipepeo, uliowahi kuwapatia wanavijiji kipato kizuri kwa kuuza pupa wa vipepeo nje ya nchi, hadi Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Ukiletewa kinyonga au chura kwenye kopo uuziwe, kataa kwa upole na usitoe hata mia. Ukilipa ukasema unamwachia, kesho wataletwa kumi.

Siku tatu zikoje

Siku ya kwanza ni ya kusafiri. Fika Amani jioni, mkabidhi mpishi vyakula, tembea bustanini hadi giza, lala mapema. Siku ya pili Mbomole kuanzia kumi na mbili, rudi ule, lala mchana bila aibu, toka tena saa kumi kwenye mpaka wa chai, na usiku vinyonga. Siku ya tatu tuma mizigo Sigi kwa gari, shuka kwa miguu siku nzima, lala mtoni. Ukiwa na siku ya nne, usiijazie njia mpya. Rudi palepale ulipoona matunda yaliyotafunwa.

Kuondoka

Agana na dereva usiku, maana gari la alfajiri halimsubiri anayefunga begi. Mlipe mwongozaji kilichobaki mkononi mwake, na kama alikufaa chukua namba yake, wenzako watakuuliza. Sugua matope yote kwenye viatu kabla ya kushuka, hasa kama unaenda msitu mwingine, kwani mbegu za magugu na magonjwa ya vyura husafiri na soli.

Ukifika nyumbani anika kila kitu juani, hadi mkanda wa darubini, la sivyo ukungu utaota ndani ya lenzi. Na ukipata homa ndani ya wiki chache zinazofuata, usinywe dawa ya maumivu ukangoja ipite. Kapime malaria, na mwambie daktari kwamba ulilala Muheza.